Damu ya Watu, Damu ya Mbwa

Asilimia 0.4. Hiyo ndiyo tuliyopewa sisi watu wa Ngara na Biharamulo, na kwa miaka kadhaa ilitajwa kwetu kwa majivuno, kana kwamba kulikuwa na mashindano tukayashinda. Bukoba Mjini walipata asilimia 24.2. Bukoba Vijijini na Muleba, asilimia 10. Karagwe, 4.5. Damu ilichukuliwa mwaka 1987, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1990. Kazi ilikuwa ya watafiti wa Muhimbili, Dk. Japhet Killewo akiwa mbele, pamoja na wenzao wa Sweden, chini ya ushirikiano ulioanza mwaka 1986. Mkoa mzima wa Kagera walipimwa watu wazima 2,475 wa miaka 15 hadi 54, na kwa jumla asilimia 9.6 walikutwa na virusi vya UKIMWI.

Tumezoea kusema hivyo, walikutwa na virusi. Kilichokutwa hasa ni kingamwili, alama ambayo mwili huiacha kwenye damu baada ya kukutana na mgeni mbaya. Virusi vyenyewe hakuna aliyeviona. Tofauti hiyo niliibeba kazini maisha yangu yote, na aliyenielewesha maana yake ni daktari wa mifugo aliyekuja kwetu na damu ya mbwa. Nitafika huko.

Mwaka 1987 nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja ya Ngara, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye ujuzi wa kusoma malaria kwenye hadubini na kutafuta mayai ya minyoo kwenye choo. Timu ilipofika walitaka mtu anayesema Kihangaza, anayeweza kumtuliza bibi asiyependa sindano, na asiyekosea namba anapoandika kwenye chupa. Nikaazimwa. Biharamulo ya siku zile ilikuwa kubwa, Chato ikiwa bado ndani yake. Kutoka Rusumo mpakani hadi ufukwe wa ziwa ulipita mapori ya mbung'o, vioo vya gari vimefungwa na jasho linatiririka. Wazee wa huko hawakushtushwa na sindano hata kidogo. Walishachomwa tangu enzi za Mwingereza kwa ajili ya malale, na mmoja alituuliza, akiwa ameshakunja mkono wa shati, kama hii nayo ilikuwa ya mbung'o.

Kila kijiji tulianzia kwa balozi wa nyumba kumi. Hodi, shikamoo, kiti, maelezo marefu, halafu mkono. Damu huachwa igande, kisha huzungushwa kwenye mashine. Pasipo na umeme unazungusha kwa mkono mpaka bega linawaka moto. Majimaji ya njano yanayoelea juu ndiyo seramu. Unayavuta taratibu usichukue wekundu, unayatia kwenye kichupa, unakitumbukiza kwenye boksi la barafu. Watu hudhani utafiti ni akili nyingi. Utafiti wa siku zile ulikuwa barafu. Tuliipata kwenye friji za mafuta ya taa za zahanati, zile za kuhifadhia chanjo za watoto, na mganga wa zahanati alikuwa na haki ya kutununia kila tulipofungua mlango wa friji yake.

Kipimo chenyewe kilifanyika mbali na kwetu, lakini baadaye nilikifanya kwa mikono yangu kwa miaka, kwa hiyo naweza kukieleza. Ni sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Ndani ya kila kishimo kumegandishwa vipande vya virusi. Unatia seramu ya mtu. Ikiwa na kingamwili, zitang'ang'ania vile vipande. Ikiwa hazimo, utaosha na kila kitu kitaondoka. Kisha unatia kingamwili nyingine, za kutengenezwa maabara, ambazo kazi yake ni kuzishika zile za mtu, nazo zimefungiwa kimeng'enya. Mwisho unatia dawa ambayo kimeng'enya huigeuza rangi. Kishimo kikigeuka njano au rangi ya chungwa, umepata. Kikibaki cheupe, hamna. Njia hiyo ilibuniwa Stockholm na Eva Engvall na Peter Perlmann, wakaichapisha mwaka 1971, miaka kumi na kitu kabla mtu yeyote hajavijua virusi vya UKIMWI. Kipimo cha kwanza cha aina hiyo kwa ajili ya UKIMWI kilipata kibali Marekani Machi 1985.

Vile vipimo vya mwanzo vilikuwa na tabia mbaya katika nchi zetu. Damu ya mtu aliyeugua malaria tangu utotoni imejaa kingamwili za kila namna, na baadhi zilinata pasipostahili. Mwaka 1985 zikatoka taarifa kuhusu Afrika zenye tarakimu za kutisha ambazo baadaye hazikusimama. Ndiyo maana damu iliyotoa rangi ilirudiwa kwa kipimo cha pili, kile cha ukanda mwembamba unaoonyesha mistari, kila mstari ukiwa sehemu moja ya virusi. Tarakimu za Kagera zilikuja baada ya somo hilo, nami naziamini.

Upande wa Biharamulo, karibu na pori la Burigi ambalo leo ni hifadhi ya taifa, tulipima kijiji cha wawindaji. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye mbwa wembamba, kengele za mti shingoni. Alikuwa amemsikiliza bwana afya akieleza kwamba mwili ukivamiwa hutengeneza silaha, na kwamba sisi tunatafuta hizo silaha kwenye damu. Akaniita pembeni.

"Mwanangu, hebu niambie. Mwaka juzi mbwa wangu walihara damu, damu yenye harufu usiyoweza kuisahau. Watoto wa mbwa walikwisha wote. Wakubwa wawili wakapona. Tangu hapo ugonjwa umepita tena kwa majirani, wale wawili wanalala humohumo na hawaugui. Hao si ndio wenye silaha?"

"Nadhani ndio, babu."

"Sasa mtu mkimkuta na silaha, mbona mnasema atakufa? Si ndiye aliyepona?"

Daktari wa timu alipoulizwa alijibu kwamba ugonjwa huu ni tofauti. Ni kweli, lakini hakikuwa alichouliza mzee. Mimi sikuwa na hata hilo la kusema. Nilimfungia pamba mkononi tukaenda nyumba nyingine.

Mapema miaka ya tisini nilikuwa Mwanza, ng'ambo ya kivuko cha Busisi. (Siku hizi mnavuka darajani kwa dakika chache, sisi tuliwahi kulala kwenye foleni na boksi la seramu mapajani.) Maabara niliyokuwamo ilikuwa na friza nzuri, na mwenye friza nzuri hakosi wageni. Mmoja alikuwa daktari kijana wa mifugo aliyekuwa akizunguka vijiji vya magharibi mwa Serengeti akichukua damu ya mbwa. Kichaa cha mbwa ndicho kilichompeleka huko, lakini seramu ukishaipata unaiuliza na mengine. Alitaka kujua mbwa wangapi wamepitiwa na virusi vya pavo.

Kipimo chake kilitaka damu ya nguruwe. Virusi hivyo vina tabia ya kuzishikanisha chembe nyekundu za nguruwe zikiwa kwenye baridi ya nyuzi nne hivi. Damu nyingine nyingi haziwezi kazi hiyo. Basi tukamtafuta mfugaji, tukapata damu, na mwenzetu mmoja Mwislamu akatucheka, akasema yeye kazi ya siku hiyo ni kuandika daftari tu, sahani tutaosha wenyewe. Unatia seramu ya mbwa, unatia virusi kidogo, kisha zile chembe za nguruwe, unaweka kwenye friji na kusubiri. Kama mbwa hana kingamwili, virusi vinafanya vitakavyo: chembe zinashikana na kutandaa kama utando kishimo kizima. Kama anazo, virusi vimefungwa mikono, na chembe zinateremka kimyakimya hadi chini, zinakaa katikati kama kifungo chekundu cha shati.

Nilitoa sahani, nikaanza kusema kwa mazoea, "Huyu anacho, huyu anacho, pole yake."

Kijana akacheka. "Pole ya nini, dada? Hao ndio wazima. Waliougua wakapona, na hauwarudii. Mwonee huruma asiye na kifungo."

Nikamkumbuka mzee wa Burigi, nikamhadithia. Tukakaa na chai mpaka jioni. Pavo, alisema, huingia haraka, huharibu utumbo na chembe nyeupe za damu, na ndani ya siku chache mbwa amekufa au mwili umeshinda. Mwili ukishinda, umeshinda kabisa: virusi vinaondolewa, kingamwili zinabaki kulinda. Virusi vya UKIMWI vinajiandika ndani ya chembe zilezile zinazoongoza ulinzi, na vinabadili sura kila mara. Kingamwili zinatengenezwa, tena kwa wingi, lakini zinamkimbiza aliyekwisha badili nguo. Kwa hiyo katika damu ya mtu zinathibitisha kwamba virusi bado vimo. Katika damu ya mbwa zinathibitisha kwamba vilikuja vikaondoka. Sahani haijui lolote kati ya hayo mawili. Inatoa rangi tu.

Alinieleza pia historia ya ugonjwa wenyewe, na kusema kweli ilinishangaza kuliko ile ya UKIMWI. Pavo ya mbwa haikujulikana kabisa hadi mwaka 1978. Mwaka huo mbwa walianza kufa Marekani, Ulaya na Australia karibu kwa wakati mmoja, na kufikia 1980 ulikuwa umeenea duniani. Ni ndugu wa karibu wa virusi vya zamani vya paka. Wataalamu wakarudi kwenye friza zao, wakatoa seramu za mbwa walizozihifadhi kwa kazi nyingine, na wakakuta kingamwili katika mbwa wa Ulaya wa katikati ya miaka ya sabini. Ugonjwa ulikuwa umepita kimya miaka michache kabla haujapewa jina.

Halafu, kati ya 1979 na 1981, virusi vikabadilika tena, aina mpya ikaifuta ya kwanza, na hakuna ambaye angeliona kwa macho. Waliligundua akina Colin Parrish na Leland Carmichael wa chuo kikuu cha Cornell, kwa kutumia kingamwili za aina moja tupu. Njia ya kuzitengeneza hizo ilibuniwa na Köhler na Milstein kule Cambridge mwaka 1975: unaunganisha chembe ya panya inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyokufa, unapata kiwanda kinachotoa kingamwili moja ileile miaka nenda miaka rudi. Kila moja inashika sehemu moja tu ya virusi. Iliyokuwa ikishika jana ikikataa kushika leo, ujue pale pamebadilika. Mzee wa Burigi alipowaona mbwa wake wakihara damu, ugonjwa ule duniani ulikuwa haujafikisha hata miaka kumi tangu kujulikana.

Sijui kama nilimpa shukrani ya kutosha yule kijana. Friza yetu aliitumia bure, hilo nalikumbuka.

Kisha ukaja mwaka 1994, na kwangu mimi mwaka huo una habari mbili ambazo haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja, ila zilinijia pamoja. Kule Serengeti simba walianza kutetemeka, kuanguka kifafa na kufa. Takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, kama elfu moja. Ilikuwa distemba ya mbwa. Kufikia Agosti, simba 85 kati ya kila 100 walikuwa na kingamwili zake. Baadaye Craig Packer na wenzake walipanga matokeo ya seramu za simba za miaka mingi. Baadhi ya virusi, wakaona, havikuondoka kamwe. Vingine, pavo ikiwamo, vilikuja kwa wimbi: kingamwili zinapanda karibu kwa wote, kisha miaka inapita, wazee wanakufa, wanazaliwa wasio na alama, tarakimu inashuka. Na kadiri wasio na alama walivyokuwa wengi, ndivyo wimbi jipya lilivyowazoa wengi zaidi.

Tarehe 28 Aprili mwaka huohuo watu walianza kuvuka daraja la Rusumo. Katika muda wa siku moja hivi waliingia Ngara watu wapatao 250,000, wengi wao wakulima wa mashariki mwa Rwanda, na mto Kagera ukileta maiti chini yao. Benaco, mahali palipokuwa na jina la kampuni iliyojenga barabara, pakawa mji. Nilirudi nyumbani na watu wa maabara waliokwenda kupima magonjwa ya zinaa kambini, kazi iliyofanywa na AMREF, Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Mwanza na chuo cha tiba ya kitropiki cha London. Tulipima kaswende kwenye kadi nyeupe, unatikisa tone la seramu na kuangalia chembe nyeusi zikishikana. Hizo nazo ni kingamwili, zenye tabia ya tatu: mgonjwa akitibiwa vizuri, kiwango chake kinashuka.

Wenyeji waliniuliza jambo moja tu. Hawa wataleta UKIMWI? Sisi tuna asilimia 0.4.

Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza jinsi ile tarakimu ilivyokuwa ikisomwa. Walidhani ni kinga. Hata kama kanda yetu ingekuwa imepimwa watu elfu moja, 0.4 ni watu wanne. Watu wanne waliokwisha pata virusi, na 996 ambao hawajakutana navyo. Hapakuwa na chochote katika damu ya hao 996 cha kuwazuia kupata. Barabara ya lami ilikuwa ishafika, malori yalikuwa yakilala Rusumo tangu zamani, vibanda vya pombe ya ndizi vilikuwapo kabla ya mkimbizi wa kwanza. Niliwaambia wasiwatazame wakimbizi, watazame madirisha ya zahanati yao kama kuna dawa ya kisonono. Na halikuwa neno la kubahatisha. Mwaka 1995 utafiti wa Mwanza, uliofanywa vijijini ng'ambo yetu, ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya UKIMWI kwa takriban asilimia 40.

Bukoba Mjini nayo ilianza kushuka: kutoka 24.2 mwaka 1987 hadi 18.3 mwaka 1993, na 13.3 mwaka 1996. Walioshuka zaidi ni wasichana wa miaka 15 hadi 24, na hilo ndilo lililonipa moyo, kwa sababu katika umri huo kushuka kuna maana kwamba wachache wanapata. Kwa watu wazima zaidi tarakimu hushuka pia kwa kuzikwa. Niliwahi kumwambia hivyo mkubwa mmoja katika semina, akaniomba nisiharibu habari njema.

Kitu kingine nilikiona kliniki ya watoto, na kikanirudisha tena kwa mbwa. Mtoto wa mama mwenye virusi huzaliwa na kingamwili za mama yake. Ukimpima kwa sahani yetu, rangi inatoka, hata kama yeye mwenyewe ni mzima. Inabidi kungoja hadi miezi 18 ndipo za mama ziishe, na kwa miaka mingi hatukuwa na kipimo kingine cha kuwapa akina mama wale. Tuliwaambia, rudi mwakani. Wengine hawakuwa na mtoto wa kurudi naye. Kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe kilipofika, mtoto wa wiki sita akajulikana hali yake, na kama kuna mashine moja katika kazi yangu ambayo ningeipigia magoti, ni hiyo.

Kwa mbwa ni vivyo hivyo, ila kwa upande mwingine. Mtoto wa mbwa hupata kingamwili za mama kwenye maziwa ya kwanza. Zinamlinda wiki za mwanzo, kisha zinafifia. Na kuna kipindi katikati ambapo zimeshakuwa chache mno kuzuia ugonjwa lakini bado zinatosha kuiua chanjo. Ndiyo maana huchanjwa mara kadhaa, kila wiki tatu au nne, mpaka afikishe wiki 16 hivi. Watu huchoma mara moja wakidhani wamemaliza, mbwa anakufa, wanasema chanjo ni maji.

Mimi nimestaafu, niko Ngara. Mjukuu wangu aliletewa mbwa mdogo, akawa hali, anatapika, na siku ya pili nikaisikia harufu kabla sijaona. Harufu aliyoitaja mzee wa Burigi ni ya kweli, haisahauliki. Bwana mifugo wetu ni kijana, alikuja na pikipiki na kiboksi. Akachukua choo kwa pamba, akakoroga kwenye maji ya dawa, akadondosha matone kwenye kipande cha plastiki kisichozidi kidole. Nikaelewa kabla hajaeleza. Ndani yake zimepangwa kingamwili za maabara, safari hii zikitafuta virusi vyenyewe kwenye choo. Dakika zisizofika kumi, mistari miwili.

"Mama, huyu ana pavo."

"Naona. Tumtundikie dripu."

Alinitazama kidogo, akaenda kuchukua dripu kwenye pikipiki. Tulimtundikia siku nne, na dawa ya kuzuia bakteria, maana utumbo ukiwa wazi bakteria ndio wanaomaliza kazi. Alipona. Virusi vile hukaa kwenye udongo miezi mingi, sabuni haviijui, vinaogopa jiki. Nikanunua jiki, nikaichanganya na maji, nikamwagia ua mzima, ngazi, hata chini ya mwembe. Jirani akachungulia juu ya uzio akauliza kama kwangu kuna kipindupindu. Nikamwambia ni ugonjwa wa mbwa, na kwamba mbwa wake wanne hawajachanjwa. Akasema wa kwake ni wa kienyeji, hawaugui. Nikamwomba namba ya simu ya mwanawe mkubwa, yule mwenye kipato, nikampigia mwenyewe.